Milango ya magurudumu ikitetemeka hewani: soma dalili kwanza, spana baadaye

Wakuu, hii nawaandikia nyie mnaojenga au kutunza ndege za kujijengea zenye magurudumu ya kukunja, Lancair 320 na 360, Glasair RG, Falco na wenzake. Malalamiko ni yale yale, ndege inaruka vizuri, magurudumu yanaingia, milango inayofunika mashimo yake inajifunga, taa inazima, halafu ukifika spidi fulani sakafu inaanza kunguruma na pedali zinatekenya nyayo. Na dawa ambayo watu wanaikimbilia ni ile ile, "ongeza leya mbili za kaboni kwenye mlango". Subiri kwanza. Mlango mwingi unaotetemeka hauna shida ya wembamba, shida ni kwamba upepo umepata pa kuukamata na hakuna kitu kinachoukaza kurudi juu, ni kama bati la paa lililong'oka msumari mmoja, hata ukilinunua bati nene zaidi litapiga kelele tu mpaka msumari urudi.

Tuone nguvu yenyewe ili tuongee lugha moja. Kwenye noti 180 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kama kilomita 1.85) karibu na usawa wa bahari, presha inayotokana na mwendo wa hewa ni kama paskali 5,250. Chukua mlango wa ukubwa wa mita ya mraba 0.2, useme tofauti ya presha kati ya ndani ya shimo la gurudumu na nje ya tumbo ni sehemu ya tano tu ya hiyo, unapata kama newton 210, yaani kilo 21 zinavuta mlango kwenda chini muda wote unaosafiri. Kwenye noti 90 inashuka mpaka robo yake, kilo tano na kidogo, maana spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Ndo maana ukizunguka uwanja kumekaa kimya kabisa na ukinyoosha safari kelele zinaanza. Na kumbuka kilo 21 hizo hazijagawanyika sawasawa, kona ya mbele ndo inayobeba zaidi mara nyingi, na rodi inayoshika mlango mara nyingi ni moja tu na iko katikati.

Kitu kingine, hizi si ndege za kiwandani. Seti ya vipande vya kujengea (kit) ni ile ile lakini mlango kila mtu kaukata mwenyewe kwa msumeno na msasa gereji kwake, kwahiyo Lancair mbili zilizoegeshwa pamoja kwenye maonesho ya ndege ya Oshkosh, Marekani, mwezi wa saba zinaweza kuwa na mianya tofauti, rodi za urefu tofauti na hata bawaba tofauti. Kunakili dawa ya mwenzako bila kupima ya kwako ni kubahatisha.

Kabla ya yote: ikianza ukiwa juu

Mtetemo ukianza ghafla au ukawa unakua, punguza nguvu ya injini, inua pua taratibu, rudi chini ya spidi iliyoanzia. Usikimbilie kushusha magurudumu hapo hapo, kuna kikomo cha spidi ya kushusha na ukikivuka mlango ambao tayari umelegea ndo unaondoka kabisa, na ukiondoka unaweza kugonga mkia. Shuka spidi kwanza, kisha magurudumu, kisha tua uwanja wa karibu. Na usirudi siku hiyo hiyo "kuhakikisha" kwa kuongeza spidi kidogo, hapana jamani. Kuna kitu kinaitwa flata, pale mlango unapopinda, upepo unaongeza nguvu kwenye huo mpindo, unapinda zaidi, na ndani ya sekunde chache bawaba imeng'oka. Mtetemo wa kawaida unakupa muda wa kufikiri, flata haikupi.

Sasa swali: inaanza lini hasa?

Kabla ya kufungua hata skrubu moja andika haya kwenye karatasi: spidi inapoanza, mizunguko ya injini, mwinuko, magurudumu yako juu au chini, mpira wa usawa (ule wa kwenye paneli unaoonesha kama ndege inateleza ubavu) uko katikati au pembeni, na pampu ya haidroli, ile inayosukuma mafuta ya kukunja magurudumu, ilikuwa inafanya nini. Ukiweza rekodi sauti kwa simu, kuna app za bure zinazoonesha sauti ina mapigo mangapi kwa sekunde, na hiyo namba inakuokolea wiki nzima za kuhangaika.

Inatetemeka sekunde chache baada ya kuruka, halafu inaisha yenyewe

Hiyo sio milango, ni tairi. Tairi ya 5.00-5 ina kipenyo cha kama sentimita 36, ukiondoka ardhini kwa noti 70 inazunguka kama mara 32 kwa sekunde, na ukiikunja ikiwa bado inazunguka na haina balansi inatikisa mguu wote na mlango unapiga kelele kwa niaba yake. Kanyaga breki taratibu kabla ya kukunja, ndege nyingi za namna hii ndivyo zinavyorushwa. Kelele ikiisha, peleka tairi ikafanyiwe balansi, kazi imekwisha. Ila angalia pia ndani ya shimo kama kuna alama nyeusi za mpira, tairi huwa inavimba kidogo ikizunguka kasi na ile nafasi ya milimita mbili uliyoona chini haipo tena juu.

Sauti inabadilika ukibadilisha mizunguko ya injini

Kama una propela ya kubadilisha pembe, shika spidi ile ile ya hewa halafu badilisha mizunguko tu, toka 2,400 mpaka 2,200. Sauti ikifuata mizunguko basi chanzo ni propela au injini, isipofuata ni upepo. Kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika propela ya panga mbili inatoa mapigo 80 kwa sekunde, ya panga tatu 120, na injini ya silinda nne nayo inawaka mara 80 kwa sekunde, kwahiyo app ikikuonesha 80 na una panga mbili hujajua bado ni yupi kati ya wawili, ila umejua sio mlango peke yake. Hapa angalia milango ya gurudumu la pua, iko nyuma tu ya propela na karibu na bomba la ekzosi. Moshi wa ekzosi ukipiga moja kwa moja kwenye mlango unaupiga kila silinda inapowaka, na mbaya zaidi unapasha joto resini. Ukiona rangi ya mlango imegeuka kahawia au ina mapovu, bomba linatakiwa kugeuzwa au kuongezwa urefu, mlango wenyewe gonga na sarafu usikie kama umeachana ndani. Sauti kavu ya "tik" ni nzima, sauti ya kufa ya "tup" maana yake ngozi imeachana na foamu, na mlango huo unatengenezwa upya, hauchomwi sindano ya epoksi ukasahau.

Inaanza spidi fulani na kadiri unavyoongeza inazidi, magurudumu yakiwa juu

Hii ndo kesi kubwa, na nitakaa nayo.

Pandisha ndege kwenye jeki, funga mkia vizuri, kunja magurudumu, halafu VUTA breka ya umeme ya pampu na ondoa waya wa betri kabla ya mkono wowote kukaribia. Milango hii ina nguvu ya kukata kidole na haina huruma. Sasa shika kona ya mbele ya mlango kwa vidole viwili uivute chini. Inacheza? Ikisogea bila nguvu yoyote, hata milimita mbili, umeshapata robo tatu ya jibu. Kinachotakiwa ni mlango uwe umekazwa, yaani rodi inauvuta juu mpaka unajibana kwenye ukingo wa ngozi ya ndege na kuna mvutano unaobaki, ili upepo ukianza kuvuta uwe unapunguza tu ule mvutano badala ya kuanza kufungua mwanya.

Pima kwa namba, usipime kwa hisia. Ile mizani ndogo ya ndoano ambayo watu wanapimia mabegi kabla ya kwenda uwanjani inatosha kabisa. Bandika kipande cha tepu imara chenye kitanzi kwenye kona ya mbele, vuta kilo 2, 5, 10, na kila hatua pima mwanya umefunguka kiasi gani. Fanya hivyo hivyo kona ya nyuma na katikati. Katikati ikiwa ngumu na kona ya mbele ikafunguka, mlango unajikunja wenyewe, hapo kweli unahitaji ubavu wa kuimarisha au rodi ya pili. Ukishuka mzima mzima kama ulivyo, mlango hauna kosa, kinachocheza ni rodi, bushi (kile kijibomba kinachokaa ndani ya tundu la bolti), au mguu wenyewe umeshuka.

Fuata huo mchezo kwa mpangilio, mtu mmoja anatikisa mlango mwingine anashika kila kiungo kwa vidole, kile kinachogonga utakisikia. Rodiendi zilizochakaa, vile vichwa vya kiungo mwisho wa rodi, ni za kwanza. Halafu bolti iliyo kwenye tundu la faibaglasi tupu bila bushi, hiyo inakula tundu mpaka linakuwa yai, na nimeona watu wanabadilisha rodiendi mbili tatu wakati tundu ndo lilikuwa tatizo. Kisha bawaba ndefu. Ile ya karatasi ya bati iliyokunjwa, MS20257, huwa inaanza na uhuru zaidi kuliko ile nzito ya MS20001 iliyotoka nzima kwenye kalibu, na pini ikichakaa unaweza kuipata pini nene kidogo ukapanua matundu, lakini kama vile vitanzi vyenyewe vimekuwa vyembamba badilisha bawaba yote.

Ukishaondoa mchezo ndo unakaza. Rodi yenye nyuzi za 10-32 (nyuzi 32 kwa inchi), mzunguko mmoja kamili ni kama milimita 0.8, kwahiyo nusu mzunguko ni 0.4 na hiyo ni nyingi kwa mlango ambao tayari unagusa. Nusu mzunguko, kunja, pima, nusu nyingine. Hakikisha nyuzi zimeingia vya kutosha kwa lile tundu la kukagulia, waya mwembamba usipite, na weka washa pana upande wa nje wa rodiendi ili kichwa kikichomoka kwenye kikombe chake bado kibaki kimeshikwa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukikaza kupita kiasi mambo mawili yanatokea, ama magurudumu hayafiki juu kabisa na pampu inakuwa inafanya kazi bila kupumzika, ama mlango unajibana kwa nguvu kiasi kwamba siku haidroli imekufa magurudumu hayashuki. Kwahiyo kila ukigusa urefu wa rodi, kila mara, fanya jaribio la kushusha kwa dharura ukiwa bado kwenye jeki. Fungua ile valvu ya dharura, yaache yashuke bila pampu. Mlango ukisita hata kidogo rudisha. Kelele sakafuni unaweza kuishi nayo, gurudumu lisiloshuka ni habari nyingine.

Mlango umekaa vizuri, hauchezi, na bado unanguruma

Sasa tazama njia ya hewa. Kwanza ukingo wa mbele: weka rula bapa toka ngozi ya ndege kwenda mlangoni. Mlango ukiwa umejitokeza chini hata milimita moja upepo unaupiga kifuani na kuingia ndani, ukiwa umezama juu kidogo upepo unapita. Bora uzame, usijitokeze kamwe. Na upime huku umeuvuta zile kilo kumi, maana hewani hautakuwa pale ulipouacha kwenye jeki.

Pili, hewa inaingia shimoni kutoka wapi? Watu wanadhani inaingia kwenye mwanya wa mlango tu, kumbe inakuja toka chumba cha injini kupitia kuzunguka mguu wa pua, toka kwenye mizizi ya mabawa, toka matundu ya nyaya. Ikijaa mle inasukuma mlango kutoka ndani, wakati nje tumbo la ndege lina mvuto wake. Pima kwa bomba jembamba la plastiki linaloonekana, likunje umbo la U, tia maji yenye rangi, mwisho mmoja upeleke ndani ya shimo na mwingine ubandike nje juu ya ngozi karibu na mlango, mdomo wake ukiwa umelala sambamba na upepo. Abiria anasoma na kuandika, rubani anarusha. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni karibu paskali 980, na kwenye mlango wetu wa 0.2 hiyo ni kama kilo 20, inakubaliana na mahesabu ya juu.

Dawa ni kuziba mbele na kuacha nyuma pa kutokea. Mpira laini wa kuziba wenye umbo la P ukingo wa mbele na pembeni, ziba matundu ya ukuta wa injini na kuzunguka mguu, halafu ukingo wa nyuma acha mwanya mdogo hewa itoke na maji ya mvua yatiririke. Usizibe pande zote nne kwa silikoni ngumu, umelitengeneza puto. Na kabla ya kununua mipira jaribu kwa tepu: bandika tepu kwenye mianya isiyosogea, ile ya kuta na mizizi ya mabawa, ruka, sikiliza. Kelele ikipungua umethibitisha kwa shilingi chache. Tepu usibandike ikiunganisha mlango na bodi, mlango unatakiwa kufunguka utakapotua.

Kuona kwa macho ni bora kuliko kubuni. Bandika vipande vya uzi wa sufu vya kama sentimita 8 mbele na juu ya mlango, funga kamera ndogo chini ya bawa, na uzi ukigeuka kuelekea ndani ya mwanya umeona hewa inapoingia.

Imekaa kimya dakika ishirini, halafu inaanza, au inaanza ukipanda juu kwenye baridi

Hii ni haidroli. Kwenye Lancair magurudumu hayana kufuli juu, yanashikiliwa na presha ya mafuta tu. Ukipanda baridi inaingia, mafuta yaliyofungiwa yanasinyaa, presha inashuka, mguu unateremka kidogo na mlango unaufuata. Utaona pampu inawaka kwa sekunde moja, kelele inakata, halafu baada ya muda inarudi. Pampu ikiwaka mara moja moja kwenye safari ndefu sio ugonjwa, ikiwaka kila baada ya dakika chache kuna uvujaji wa ndani, sili za silinda au valvu, hata kama chini hakuna tone jekundu hata moja. Ukikaza rodi za mlango hapa unaficha ugonjwa. Falco ni tofauti, ile ya Stelio Frati inakunja kwa mota ya umeme na skrubu, skrubu haisinyai kwa baridi, kwahiyo ikikupa dalili hii tafuta kwingine.

Kama haidroli ni nzima na bado inaanza juu tu, linganisha spidi inayoonekana kwenye saa ya spidi na spidi halisi ya ndege hewani. Noti 150 kwenye saa ukiwa futi 12,000 ni karibu noti 180 za kweli. Mvuto wa upepo unafuata ile ya kwenye saa, flata inafuata zaidi ile ya kweli. Mlango uliokaa kimya chini kwa noti 150 ukaja kutetemeka juu kwa 150 ile ile, uchukulie kama hatari mpaka uthibitishe vinginevyo, usirushe, na tafuta mtu anayejua flata kwa undani akuangalizie.

Ukiteleza ubavu, upande mmoja tu

Mpira wa usawa ukienda kushoto kelele, katikati kimya: ukingo wa pembeni wa mlango mmoja uko wazi. Au ndege yenyewe inaruka imekaa upande muda wote na hujagundua, rekebisha kijibawa cha usukani kwanza.

Magurudumu yakiwa chini

Shimo likiwa wazi hewa lazima ivume kidogo, usitafute ukimya. Lakini ile milango iliyofungwa kwenye miguu inakula vishikio vyake taratibu, na nyufa zinaanzia kwenye kona ya mkunjo wa alumini. Safisha, pulizia dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, angalia kwa lenzi. Mlango ukitetemeka ukiwa karibu na kikomo cha spidi na ukanyamaza noti 15 chini yake, punguza kikomo chako na ukiandike kwenye paneli.

Kurudi hewani

Ukibadilisha muundo, rodi ya pili, ubavu wa kaboni, bawaba mpya, soma masharti ya uendeshaji ya ndege yako kabla ya kuruka, Marekani mabadiliko makubwa yanakurudisha kwenye kipindi cha majaribio, na kitabu cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, namba AC 90-89 kinaeleza namna ya kupanga hizo safari. Panda juu ya uwanja, peke yako, ongeza noti 5 kwa 5, kila hatua kaa kidogo usikilize na uandike, na siku ya kwanza usivuke spidi ambayo tatizo lilianzia.

Wapo watakaouliza kwanini usitoe milango kabisa. Cessna wenyewe waliondoa milango ya magurudumu makubwa kwenye 210 kuanzia toleo la 1979, na mafundi wa Afrika Mashariki waliowahi kushika 210 za zamani wanajua jinsi milango ile inavyosumbua. Lakini pale shimo lilifanyiwa kazi upya. Kwenye ndege yako ukitoa mlango tu ukaacha shimo wazi kwa noti 180, unahamisha mtetemo toka mlangoni kwenda kwenye nyaya, mabomba ya breki na tairi, na spidi unapoteza.

Baada ya saa tano mpaka kumi za kuruka rudi kwenye jeki na ile mizani ya mabegi, vuta kilo kumi kona ile ile, linganisha na namba uliyoandika mwanzo. Piga alama ya rangi kwenye kila nati ya kufungia rodi ili uone kama imezunguka, na paka chaki ukingo wa ngozi ya ndege, kunja, shusha, tazama chaki imehamia wapi kwenye mpira. Sehemu isiyo na chaki haigusi, na hapo ndo utakapoanzia.